Majani Ndani ya Barafu: Jinsi ya Kupiga Picha Dhahania za Bwawa Lililoganda

Bwawa lililoganda lina picha tatu zilizolaliana mahali pamoja. Ya kwanza iko juu kabisa: mng'ao wa anga na miti, sakitu ya alfajiri, mikwaruzo na chembe za theluji zilizopeperushwa. Ya pili imo ndani ya barafu yenyewe: nyufa, viputo vya hewa, majani yaliyonaswa maji yalipokuwa yanaganda. Ya tatu ni giza la chini, yaani maji meusi au tope la sakafuni. Macho yetu huziona zote kwa mpigo bila taabu, kwa kuwa ubongo unachagua cha kuzingatia na kupuuza kilichobaki. Kamera haichagui. Ndiyo maana mtu huona kitu cha ajabu pale ukingoni, akapiga picha chungu nzima, akifika nyumbani anakuta ukijivu usioeleweka.

Kwa hiyo mwongozo huu umesimama juu ya uamuzi mmoja: kabla hujabonyeza, jua unapiga tabaka lipi. Ukishaamua hilo, maswali ya filta, fokasi, mwanga na mahali pa kusimama yanajibika karibu yote. Na kwa kuwa tunatafuta picha dhahania, mtazamaji hatakiwi kuona bwawa. Aone mistari, rangi, umbo na kina. Kama baadaye atagundua kwamba ni jani kwenye barafu, vizuri, kama hakugundua pia vizuri.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kuchagua mahali

Karibu bwawa lolote lenye miti kando yake linafaa. Kinachobadilisha picha ni barafu ya siku hiyo.

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa chini ya hapo huwa mepesi kidogo na kubaki juu, ndiyo maana bwawa huanza kuganda usoni na barafu hukua kuelekea chini. Usiku ukiwa mtulivu, bila upepo wala theluji, barafu hujijenga taratibu na kutoka angavu kabisa. Ukiitazama kutoka juu huonekana nyeusi, kwa sababu macho yanapenya moja kwa moja hadi kwenye maji. Hiyo ndiyo barafu ya kupigia majani. Theluji ikianguka juu yake, ikalowa na kuganda tena, utapata barafu nyeupe iliyojaa hewa ambayo haionyeshi kitu chochote kilicho ndani. Siku hiyo sahau tabaka la pili, shughulika na uso tu.

Dirisha zuri kuliko yote ni zile siku za mwanzo wa baridi kali, majani yakiwa yameanguka karibuni na theluji bado. Ni siku chache. Fuatilia utabiri wa hewa: unatafuta usiku wa anga wazi, upepo hafifu, joto chini ya sifuri. Fika kabla jua halijalifikia bwawa, maana sakitu iliyoshika kingo za majani huondoka mara tu miale ya kwanza inapoigusa.

Dirisha la pili ni mwishoni mwa majira, barafu inapoyeyuka mchana na kuganda tena usiku. Jani jeusi hunyonya joto la jua kuliko barafu inayolizunguka, hivyo hujichimbia kijishimo chenye umbo lake na kuzama humo. Usiku kile kijishimo huganda upya. Asubuhi unakuta jani limekaa ndani ya pete angavu, na nje ya pete ni barafu ya zamani yenye ukungu na mikwaruzo. Sijui mpangilio mwingine wa asili unaokupa fremu ndani ya fremu bila wewe kufanya lolote.

Usidharau madimbwi ya njiani. Maji ya dimbwi hunywewa na udongo huku uso ukiwa umeshaganda, hewa inaingia chini yake, na barafu hubaki na mistari iliyopinda, mmoja ndani ya mwingine, kama ramani ya milima. Upepo ukidondosha jani moja jekundu hapo katikati, kazi yako ni kuchagua tu wapi pa kukata.

Hatua ya 2: Baki ukingoni

Picha nyingi nzuri ziko ndani ya mita moja kutoka nchi kavu, kwa sababu upepo husukumia majani huko huko. Piga magoti ukingoni na ufanye kazi kutokea hapo.

Ushauri wa kawaida katika nchi zenye baridi kali ni kwamba mtu asitembee juu ya barafu mpya, angavu, isiyofika unene wa sentimita 10; barafu nyeupe huhesabiwa kuwa na nusu tu ya nguvu hiyo. Hata kipimo hicho si dhamana. Penye chemchemi, penye mkondo unaoingia au kutoka, karibu na matete na magogo, unene hubadilika ndani ya hatua mbili. Nenda na mwenzako, na simu ikae mfuko wa ndani usiolowa. Ikitokea umetumbukia, dakika ya kwanza ni ya kudhibiti pumzi. Kisha geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ya upande huo ilikubeba, piga miguu hadi mwili ulale sambamba na maji, jivute juu, halafu ubiringike. Usisimame.

Na jani lililo mbali, hata liwe zuri vipi, liache huko huko. Lenzi ndefu ipo kwa ajili hiyo.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa ufupi

Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 hadi 105 ndiyo inayofanya kazi kubwa. Zumu ya milimita 70 hadi 200 inaifuatia, hasa kwa majani yasiyofikika. Lenzi pana naiacha nyumbani: huingiza ukingo, vijiti, miguu ya stendi na kivuli chako mwenyewe, na ukishaonekana ukingo, udhahania umekwisha.

Stendi ya miguu mitatu iwe na nguzo ya kati inayoweza kulala au kugeuzwa kichwa chini, ili kamera itazame chini bila miguu kuingia kwenye picha. Iache nje kwa muda ipoe kabla ya kuitumia. Miguu yenye joto la nyumbani huyeyusha barafu inayoikanyaga, stendi inashuka kidogo kidogo, na unashangaa kwa nini fokasi inahama. Vipande vitatu vya zulia kuukuu chini ya miguu hiyo huzuia kuteleza pia.

Betri za akiba zikae mwilini, chini ya koti. Baridi hupunguza nguvu ambayo betri inaweza kutoa, na ile iliyoonekana imekwisha mara nyingi huamka ikipata joto. Chukua kitu kisichopitisha maji cha kupigia magoti, brashi laini ya rangi ya kufagilia chembe za theluji, filta ya polaraiza (kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao), na mwavuli mweusi. Mwavuli utauona kazi yake katika hatua ya tano.

Usipulize barafu kwa mdomo kuondoa vumbi. Pumzi yako ina mvuke, mvuke unaganda palepale, na umeharibu kile ulichokuja kukipiga; ukipulizia karibu na lenzi, kioo nacho kinapata ukungu. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont nchini Marekani aliyefanikiwa kupiga chembe ya theluji kupitia hadubini mwezi Januari 1885, alifanya kazi yake kwenye banda lisilopashwa joto. Baridi ilikuwa sehemu ya vifaa vyake. Iwe ya kwako pia: pumulia pembeni, na kamera isiingie na kutoka kwenye gari lenye joto.

Hatua ya 4: Tembea kwanza bila kamera

Zunguka ukingo mzima na begi likiwa limefungwa. Kamera ikiwa mkononi mtu hupiga cha kwanza kinachong'aa. Bila kamera unaanza kuona matabaka.

Chukua mfano wa jani moja la mwaloni lililolala sentimita mbili au tatu chini ya uso. Rangi yake ni ya kahawia, mishipa imeinuka kidogo, ncha moja imejikunja kuelekea juu. Kando ya ncha hiyo kuna viputo vyeupe, bapa, vimepangana kimoja juu ya kingine bila kugusana. Viputo hivyo vina historia. Majani yanayooza sakafuni hutoa gesi, gesi inapanda hadi inapogota chini ya barafu, inatandaa hapo. Barafu inaendelea kukua kwenda chini na kuifunga, kisha kiputo kingine kinafika na kukwama chini ya kile cha kwanza. Katika ziwa Abraham, Alberta nchini Kanada, jambo hilo hutokea kwa ukubwa unaovuta wapiga picha kutoka mbali, na gesi yenyewe ni methani. Kwenye bwawa lako itakuwa minara midogo ya ukubwa wa ukucha, na kwa lenzi ya makro ukubwa huo unatosha.

Viputo vya aina nyingine ni vile vyembamba vilivyosimama wima. Maji yana hewa iliyoyeyuka ndani yake na barafu haiipokei, basi inapokua huisukuma mbele, na hewa ikizidi hubanwa na kuacha vijistari. Ukivitazama kutoka juu ni nukta. Ukiinama na kuvitazama kwa mshazari ni mistari. Kitu kilekile, picha mbili tofauti.

Kutoka kwenye jani hilo moja kuna picha tatu angalau: jani zima na duara la uangavu wake, ukingo wa jani pamoja na minara ya viputo, na viputo peke yake, jani likiwa limebaki wingu la kahawia chini yao. Ya tatu ndiyo dhahania hasa, na ndiyo ambayo wengi huipita kwa sababu hawakusogea vya kutosha.

Kuhusu kupanga majani kwa mkono, msimamo wangu ni kutoyagusa. Si suala la maadili tu. Jani lililowekwa hujulikana. Halina pete, sakitu haikuungana na ukingo wake, limekaa juu ya barafu na kivuli chake kinalishtaki. Anayetaka kupanga mwenyewe agandishe majani kwenye sinia ndani ya friza, ni mchezo mzuri tu, ila asiseme ni bwawa.

Hatua ya 5: Shughulikia mng'ao

Hapa ndipo picha hupatikana au hupotea. Uso wa barafu unaakisi anga, na mwakisiko huo unafunika kilicho ndani. Uamuzi wa tabaka unaanza kulipa.

Ukitaka *ndani*, lazima mng'ao uondoke. Filta ya polaraiza huuondoa vizuri zaidi lenzi ikiwa imeinama kiasi cha digrii 37 kutoka usawa wa barafu. Zungusha filta taratibu huku ukiangalia; kuna mahali anga litatoweka na jani litajitokeza ghafla. Lakini filta hiyo, ukiielekeza chini wima, haifanyi karibu chochote. Na kwa sababu za fokasi tutakazoziona, mara nyingi utataka kutazama chini wima. Watu hununua filta ghali, wanaelekeza kamera chini, hawaoni tofauti, wanadhani wameuziwa feki.

Dawa ya kutazama wima ni mwavuli mweusi. Barafu inaakisi kilicho juu yake. Ukiweka weusi juu yake, itaakisi weusi. Shika mwavuli juu ya kamera, au mwenzako akushikie, na usogeze hadi eneo lote la fremu liwe chini ya kivuli cha mwakisiko wake. Rangi za jani zinakolea papo hapo. Vaa nguo nyeusi au za rangi iliyokolea kwa sababu hiyohiyo. Koti jekundu litaonekana ndani ya picha kama doa ambalo hutajua limetoka wapi.

Ukitaka *uso*, fanya kinyume. Vua filta, uuache mng'ao uje. Tafuta pembe ambayo barafu inaakisi ng'ambo iliyopigwa na jua, miti ya manjano au matete makavu, wakati barafu uliyo mbele yake bado imo kivulini. Kivulini barafu inapokea mwanga wa anga la buluu, na mwakisiko unaleta dhahabu juu yake. Buluu na dhahabu zinakutana kwenye mikunjo na nyufa bila kutia rangi yoyote baadaye. Hatua moja ya kando inabadilisha kila kitu, kwa hiyo sogea kwa sentimita, wala si kwa mita.

Kwa sakitu na fuwele za usoni, tafuta mwanga wa pembeni wa jua likiwa chini. Kwa majani ndani ya barafu, anga lenye mawingu ni bora: mwanga laini huingia ndani bila kuacha vimulimuli usoni. Jua likiwa kali, kivuli cha mwili wako kinaweza kusaidia, mradi kifunike fremu nzima. Nusu kivuli nusu jua haifai kwa lolote.

Kuna jambo moja la pembeni linalostahili kujaribiwa. Ukiokota kipande chembamba cha barafu kilichovunjika chenyewe ukingoni, unene wa milimita moja au mbili, ukakiinua mbele ya anga la buluu upande ulio digrii 90 kutoka kwenye jua, ukakipiga kupitia filta ya polaraiza, mipaka ya fuwele inaweza kutokea kwa rangi za zambarau, kijani na chungwa. Mwanga wa sehemu hiyo ya anga umeshapangika upande mmoja, na fuwele za barafu huupindua kwa viwango tofauti. Kigeuzegeuze kipande polepole. Kwa pembe nyingine hakionyeshi kitu.

Hatua ya 6: Fokasi

Ukipiga kwa karibu sana, kina cha uwazi, yaani sehemu inayotoka kali kutoka mbele hadi nyuma, hupungua. Kwa sensa ya fremu kamili, jani likionekana kwenye sensa nusu ya ukubwa wake halisi, tundu la lenzi likiwa f/11, sehemu iliyo kali ni takriban milimita 4 tu. Ukisogea hadi ukubwa halisi, inabaki milimita moja na kidogo. Barafu yenyewe ina sentimita kadhaa.

Ndiyo maana kamera inatakiwa kuwa sambamba na kile unachokipiga. Uzuri wa bwawa ni kwamba uso wake umelala sawa kabisa, basi kamera ikitazama chini wima, sensa na barafu vitakuwa sambamba na uso mzima utakuwa mkali kutoka pembe hadi pembe. Jani lililoinama ndani ya barafu ni shauri jingine: inamisha kamera ufuate jani, na uache uso ufifie. Ndiyo, umeshachagua tabaka. La juu lisikusumbue tena.

Usiiamini fokasi ya otomatiki hapa. Inapenda mkwaruzo wa usoni au ukingo wa mwakisiko. Weka fokasi ya mkono, kuza picha kwenye skrini ya nyuma, kisha zungusha pete hadi mishipa ya jani isimame. Utashangaa kwamba jani linaonekana liko juu kuliko lilivyo. Barafu inapinda mwanga, na kitu kilicho sentimita 4 chini huonekana kama kiko 3. Pima kwa macho kwenye skrini.

Jambo ambalo huwachanganya wengi zaidi ni mwakisiko wenyewe. Mti unaoakisiwa kwenye barafu hauko kwenye barafu kwa upande wa fokasi. Lenzi inauona uko umbali wa kutoka kwako hadi kwenye barafu, ukiongeza umbali wa kutoka barafu hadi kwenye mti. Kwa hiyo ukiweka fokasi kwenye nyufa, mti unakuwa ukungu wa rangi. Ukiweka kwenye mti, nyufa zinayeyuka. Kwa picha dhahania ukungu huo wa rangi ni mali. Weka fokasi kwenye nyufa, fungua tundu hadi f/5.6, na mti unakuwa doa tupu la dhahabu lisilo na umbo la mti.

Ukilazimika kuwa na vyote viwili, uso na jani, usifunge tundu hadi f/22. Lenzi hupoteza ukali wake huko kwa sababu mwanga husambaa ukipita kwenye tundu dogo sana. Baki f/8 hadi f/11, piga picha kadhaa ukihamisha fokasi kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini bila kugusa stendi, kisha uziunganishe kwa programu ya kompyuta. Tumia kipima muda cha sekunde 2 au rimoti, maana spidi ya shata chini ya mwavuli inaweza kufika nusu sekunde. ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya 100 au 200 inatosha. Barafu haiendi popote.

Hatua ya 7: Kiwango cha mwanga na rangi

Kipimo cha kamera kinadhani kila kitu ni cha kijivu cha wastani. Barafu nyeusi kitaing'arisha kupita kiasi na kuifanya ya moshi, hivyo teremsha kwa hatua moja ya mwanga (yaani nusu yake), hadi weusi uwe weusi. Barafu nyeupe na sakitu kitazitia giza, hivyo pandisha theluthi mbili ya hatua au hatua nzima. Tazama histogramu, ile grafu ya mgawanyo wa giza na mwanga, badala ya picha ya skrini, kwa kuwa skrini hudanganya nje asubuhi. Vimulimuli vidogo vya sakitu vikiungua kidogo si neno. Kiputo kizima cheupe kikiungua, umepoteza umbo lake. Filta ya polaraiza nayo hula mwanga, kati ya nusu na robo tatu, usisahau hilo unapopanga spidi.

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Rangi ya mwanga, ile iliyoandikwa WB, usiiache otomatiki: itaona buluu ya kivulini, itadhani ni kosa, na kuisahihisha hadi barafu iwe ya saruji. Weka alama ya jua, karibu 5200 K, na ubaki hapo asubuhi nzima. Kahawia ya jani ikisimama juu ya buluu ya barafu ndiyo sababu ya kuamka mapema.

Hatua ya 8: Fremu

Kagua kingo nne za fremu kabla ya kitu kingine. Kijiti kinachochungulia pembeni, ncha ya nyasi, kipande cha ukingo, vyote vinampa mtazamaji kipimo na kumrudisha bwawani. Jani lenyewe linatoa kipimo pia, kwa kuwa kila mtu anajua ukubwa wa jani; ukitaka kumpoteza mtazamaji, usilionyeshe lote. Shina tu, au mshipa mmoja na ufa unaouvuka.

Nyufa ni mistari yako ya kuongozea. Ufa unaoingia kutoka kwenye kona na kuishia kwenye jani unafanya kazi. Ufa unaokata fremu katikati sawia unaigawa picha mbili zisizohusiana. Zungusha kamera ukitazama chini: picha hizi hazina juu wala chini, na digrii 20 za mzunguko zinaweza kuugeuza mstari mkaidi kuwa wa mshazari. Acha pia weusi mtupu. Wapiga picha wengi hujaza fremu kwa majani kumi wakati moja, likiwa limezungukwa na barafu tupu, lingetosha.

Ukiwa na simu tu

Simu inaweza. Gusa na ushikilie skrini hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha vuta kitelezi cha mwanga chini kidogo. Tumia lenzi ya 2x au 3x ukisimama mbali kiasi, badala ya kusogeza simu hadi kivuli chake kiingie. Angalia simu isihamie yenyewe kwenye lenzi pana ya makro unapokaribia. Nyingi hufanya hivyo, na zinaruhusu kuzimwa. Hali ya picha za watu izime, kwa sababu hukisia ukungu na kula kingo za majani. Baadhi ya simu huonyesha alama mbili za msalaba ukizielekeza chini. Zikikutana, uko wima. Mwavuli mweusi unazisaidia simu kuliko kamera, kwa kuwa filta ya kuzungusha haikai vizuri kwenye simu nyingi.

Hatua ya 9: Kurudi ndani na kusafisha picha

Kabla ya kufungua mlango wa nyumba, ukiwa bado nje, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki na uufunge kabisa. Toa kadi kwanza kama una haraka ya kuona picha. Hewa ya ndani ina unyevu, na unyevu hutua juu ya chochote chenye baridi. Ukitangulia kufunga mfuko, utatua juu ya plastiki na si ndani ya lenzi. Subiri saa moja au mbili hadi kamera ifikie joto la chumba.

Kwenye programu, anza na weusi. Vuta sehemu za giza hadi maji ya chini yawe tupu, kisha ongeza utofauti kwenye jani na viputo pekee. Kitelezi cha kuondoa ukungu husaidia pale mng'ao kidogo ulipobaki, lakini kikizidi, buluu inakuwa ya wino. Kitelezi cha ukali wa kati hufanya barafu ionekane kama chuma kilichokwaruzwa. Kiguse kidogo sana. Futa chembe za vumbi zinazovuta jicho, ziache zile zinazofuata mpangilio wa barafu. Jaribu kuigeuza picha kichwa chini, halafu kwa upande, kabla ya kukata. Picha ya uso yenye nyufa na sakitu jaribu kuitoa rangi. Ya majani mara chache hufaidika na nyeusi na nyeupe, maana rangi ndiyo iliyokuwa inatenganisha jani na giza.

Stendi ifungue vipande vyote na uiache wazi usiku kucha ikauke, la sivyo maji yaliyoingia kwenye viungio yataganda safari ijayo na miguu haitafunguka.